Viporo vyangu vinne: nianze na Mockingjay, Allegiant, The Death Cure au Winter?

Kunja_Ukurasa (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nina ugonjwa mmoja: mfululizo nauanza kwa mbio, nikifika kitabu cha mwisho nakwama. Siyo uvivu. Naogopa mwandishi asije akaniharibia watu niliokwisha wazoea. Sasa viporo vimefika vinne: Mockingjay cha Suzanne Collins (2010), The Death Cure cha James Dashner (2011), Allegiant cha Veronica Roth (2013) na Winter cha Marissa Meyer (2015). Vilivyotangulia vyote nimemaliza. Nianze na kipi? Na je, nirudie vya nyuma kwanza?

Mwisho wa Allegiant nilishaambiwa na mtu asiye na huruma, kwa hiyo hicho kijadilini wazi. Vingine msinimalizie uhondo. Nawasilisha.

Taa_ya_Usiku
Mockingjay, bila kupepesa macho. Ila ujue unaingia wapi. Vitabu viwili vya mwanzo vina uwanja wa mashindano ya kuuana, vina kanuni, vina idadi ya waliobaki hai. Hiki hakina. Katniss, mhusika mkuu, anaanza kasimama kwenye magofu ya kwao, anatazama majivu yanavyotua juu ya viatu vyake, halafu kwa kurasa nyingi yuko chini ya ardhi, Wilaya ya 13. Huko kila asubuhi unaingiza mkono kwenye mashine ya ukutani, inakuchapa ratiba ya siku nzima kwa wino wa zambarau. Wenzake wanaifuata. Yeye anatafuta kabati la kujificha alale.

Wengi hapo ndipo walipokitupa, wakisema mhusika wao kalegea. Mimi hapo ndipo kiliponinasa. Mtoto kapitishwa kwenye mashindano ya kuuana mara mbili, mlitaka aamke anaimba? Baba yake Collins alikuwa mwanajeshi aliyetumwa Vietnam, na mwandishi amewahi kueleza jinsi jambo hilo lilivyomgusa utotoni. Ukisoma unaliona.

Jicho_Kavu
Taa, maelezo yako matamu lakini umeruka kasoro moja kubwa. Kila jambo zito likitaka kutokea, Katniss kazimia, au kalazwa, au kafungiwa chumbani. Unasubiri vita kurasa mia tatu, unakuja kusimuliwa matokeo kitandani!

Kama unataka mwendo, chukua The Death Cure. Pale hakuna kupumua. Ingawa nami nina donge langu: vitabu viwili nasubiri Thomas, mhusika mkuu, ajue alikuwa nani kabla ya ile maze (njia za kupotezana alimofungiwa), mapema tu kwenye hiki anaambiwa kumbukumbu zako hizi hapa, chukua. Jamaa anakataa. Nilikifunga nikazunguka nyumba.

Taa_ya_Usiku
Hiyo ya kuzimia siyo kasoro, Jicho. Hadithi ni ya nafsi ya kwanza, macho tuliyopewa ni yake tu. Akianguka yeye, nasi tumeanguka.

Jicho_Kavu
Basi mwandishi angetafuta macho mengine. Roth alifanya hivyo.

Fundi_Hoja
Na Roth alilipia. Nasema wazi kwa kuwa mleta mada karuhusu; kama wewe msomaji mwingine hujakisoma Allegiant, ruka ujumbe huu.

Divergent na Insurgent, vile viwili vya kabla yake, vyote anasimulia Tris, binti mhusika mkuu, peke yake. Nikafungua cha tatu, nakuta juu ya sura jina la Tobias, mpenzi wake. Moyo ukafanya paa. Mwandishi haongezi msimulizi wa pili dakika za mwisho bila sababu. Kuna mtu itabidi aendelee kusimulia mwenzake akishanyamaza. Yaani kifo cha Tris nilikijua kabla sijageuza kurasa hamsini. Kibaya zaidi sauti zenyewe zinafanana mno. Mara ngapi nilirudi juu ya sura kuangalia ni nani anasema! Halafu ile siri ya Chicago, kwamba mji mzima ulikuwa jaribio la vinasaba, inaelezwa na watu waliokaa uwanja wa ndege, na maelezo yenyewe ni madogo kuliko fumbo tulilokuwa tunalifikiria.

Lakini kifo nakitetea. Aliyepaswa kwenda kufa ni kaka yake, Caleb, yule yule aliyemsaliti. Tris anakwenda badala yake. Wazazi wao wote wawili walikufa kwa ajili ya watoto kwenye kitabu cha kwanza, kwa hiyo hakuokota wazo njiani. Na kule mwisho kabisa, Tobias anayeogopa mno kuwa juu, anateleza kwenye waya kutoka juu ya ghorofa kuyamwaga majivu yake. Sikulia, ila nilikaa kimya muda.

Mama_Riwaya
Jicho_Kavu mwanangu, mleta mada kasema tusimmalizie uhondo, wewe unamwaga habari za Thomas! Haya.

Kunja_Ukurasa, mbona Winter hakipati mtetezi? Kina zaidi ya kurasa 800, kweli, na katikati kuna watu wanapotezana na kukutana hadi unachoka. Lakini Meyer kabeba wahusika wa vitabu vitatu pamoja na binti mpya mwenye kisa cha Snow White, na hakuna hata mmoja aliyemsahau pembeni. Kwa mwenye hofu kama yako, ningeanza na hiki. Sababu sisemi. Cress, kile kinachokitangulia, pitia sura za mwisho tu, kwa maana Winter kinaendelea karibu pale pale.

Kiti_cha_Mbele
Jamani, si aangalie filamu tu?

Fundi_Hoja
Ya Allegiant ataikuta nusu. Kitabu walikikata vipande viwili, cha kwanza kikatoka 2016, cha pili hakikutengenezwa kabisa. Mockingjay nacho kilikatwa, ila angalau vipande vyote vilitoka, 2014 na 2015. Ya The Death Cure ilisubiriwa hadi 2018 baada ya mwigizaji mkuu kuumia wakati wa kupiga picha.

Kiti_cha_Mbele
Nimeondoka.

Kunja_Ukurasa (mleta mada)
Wakuu, mrejesho. Sikurudia kitabu kizima, nilisoma sura tatu za mwisho za Catching Fire, kitabu cha pili, zikatosha, kisha nikaingia Mockingjay. Nimekimaliza jana usiku.

Jicho_Kavu, ni kweli anazimia mno. Nilianza kuhesabu, nikaacha. Kuna vifo vinapita kwa sentensi moja, inabidi urudi nyuma kuhakikisha umesoma sawasawa. Hilo liliniudhi mwanzoni.

Halafu nikafika kwa yule paka. Mliosoma mnajua. Kakonda, kaumia, katembea masafa yote yale kumtafuta mtu ambaye hayupo, na Katniss anamrushia mto, anamfokea aondoke. Paka haondoki. Nilikuwa nimesoma kitabu kizima macho makavu, nikashindwa kwa paka ambaye tangu kitabu cha kwanza hata simpendi.

Mama_Riwaya, kesho nafungua Winter. Kurasa 800, mniombee.