UZI WA MALALAMIKO: Guatemala 2023, Thelma Cabrera alikatwa kupitia mgombea mwenza. Msiandike tena "kasoro za fomu"

Wakuu, acheni kuandika kwamba Thelma Cabrera, aliyetaka kugombea urais wa Guatemala 2023, alienguliwa kwa kasoro za fomu. Katika maombi ya chama chake cha MLP, sifa zake yeye hazikuwa hoja. Aliyewekewa kikwazo ni mgombea mwenza wake, Jordán Rodas, na kwa kuwa kule tiketi ni moja, akianguka mmoja wameanguka wote wawili. Hila yenyewe ndiyo hiyo, na inaudhi kuona inaripotiwa kama jambo dogo la masijala.

Ibara ya 190 ya Katiba ya Guatemala inasema makamu wa rais anachaguliwa kwenye orodha moja na rais. Wenyewe wanaita binomio. Kituoni mpiga kura anapewa karatasi tano, nyeupe ndiyo ya rais na makamu, na anaweka alama moja tu. Kwa Mtanzania au Mkenya hapo hakuna jipya. Jipya ni hati inayoitwa finiquito.

Ifuateni hatua kwa hatua. Sheria ya Uadilifu, Dekrii 89-2002, inamtaka mtu aliyewahi kushika fedha za umma apate hati kutoka kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kwamba hakuna madai dhidi yake. Rodas alikuwa mtetezi wa haki za binadamu wa taifa kuanzia 2017 hadi 2022, kwa hiyo ilimhusu, na alikuwa nayo. Januari 2023 aliyemrithi ofisini akapeleka malalamiko dhidi yake. Kisha msajili wa wagombea akasema hati ile haina nguvu tena na akakataa kuwasajili wote wawili. Ukikataliwa na msajili unakwenda Mahakama Kuu ya Uchaguzi, ukikwama hapo unaomba amparo, yaani kinga ya haki zako za kikatiba, Mahakama ya Juu, halafu unakata rufaa Mahakama ya Katiba. Walipanda ngazi zote, wakashindwa zote. Huku kalenda haisubiri: uchaguzi ulitangazwa Januari 20, dirisha la usajili likafungwa Machi 25.

Mnaona ubovu ulipo? Lalamiko si hukumu. Halijawa hata shtaka. Lakini linatosha kuiua hati, hati inamuua mwenza, na mwenza anamuua mgombea. Anayetaka kumwondoa mtu hana haja ya kushinda kesi yoyote, anahitaji tu kuifungua kwa wakati wake. Na silaha hii si ngeni: 2019 Thelma Aldana, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, alienguliwa kwenye tiketi ya chama cha Semilla kwa hoja hiyohiyo ya finiquito. Cabrera, mwanamke wa Kimaya Mam, mwaka huo alishika nafasi ya nne kwa zaidi ya asilimia 10 ya kura. Wapiga kura hao ndio waliozuiwa 2023 wasimkute kwenye karatasi.

Sasa linganisheni na wengine. Ibara ya 186 inawakataza wahudumu wa dini yoyote kugombea urais au umakamu. Sandra Torres wa chama cha UNE alimchukua Romeo Guerra, mchungaji wa kiinjili, kuwa mwenza wake 2023. Watu wakahoji, na jina la Guerra likabaki kwenye karatasi duru zote mbili. Ibara hiyohiyo inawakataza ndugu wa karibu wa waliopindua serikali. Zury Ríos ni binti wa Efraín Ríos Montt, aliyeingia kwa mapinduzi ya Machi 1982. Mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ilimzuia, 2023 akagombea na mwenza wake Héctor Cifuentes. Neno la Katiba halikubadilika hata nukta. Kama mlango ni mpana, uwe mpana kwa Rodas pia.

Carlos Pineda naye alikuwa anaongoza kura za maoni alipoondolewa Mei 2023, safari hii kwa hoja ya mkutano mkuu wa chama chake. Akawaambia watu waharibu kura. Juni 25, duru ya kwanza, kura zilizoharibika zikapita asilimia 17, nyingi kuliko alizopata Torres aliyeongoza. Hayo ni majibu ya wananchi, someni.

Na msiniambie mwenza ni pambo. Mei 2015 makamu Roxana Baldetti alijiuzulu kwa kashfa ya forodha ya La Línea, Bunge likamchagua Alejandro Maldonado kutoka majina matatu ya rais. Septemba rais Otto Pérez Molina naye akajiuzulu. Maldonado, ambaye hakuna aliyempigia kura kwa nafasi hiyo, akawa rais hadi Januari 2016.

Ninachodai ni kifupi. Hati ikishatolewa isifutwe na lalamiko ambalo hakimu hajalisikiliza. Na mwenza akikataliwa, chama kipewe siku kumi kuleta mwingine, hata kama dirisha limefungwa.

Jibu #2
Nakubaliana, ila usiweke Amerika ya Kati yote kapu moja. Honduras tiketi ina makamu watatu, Costa Rica wawili. Nicaragua ugonjwa ni mwingine kabisa: 2016 na 2021 rais Daniel Ortega aligombea na mkewe, Rosario Murillo, kama mwenza. Hapo hakuna wa kumwekea pingamizi. Swali langu: kama mtego ni mkali hivyo, Bernardo Arévalo na mwenza wake Karin Herrera, wa Semilla, walioshinda 2023, walipitaje?

Jibu #3 (mwenye uzi)
Walipita kwa sababu hakuna aliyewahesabu, kura za maoni ziliwaweka chini kabisa. Walipoingia duru ya pili tiketi ilikuwa imeshasajiliwa na imeshapigiwa kura, hapakuwa na mwenza wa kumvuta. Ndiyo maana shambulio likahamia kwenye chama: Julai 12 jaji Fredy Orellana akaamuru usajili wa Semilla usitishwe, ingawa ibara ya 92 ya sheria ya uchaguzi inakataza kusitisha chama uchaguzi ukiwa unaendelea. Kesho yake Mahakama ya Katiba ikaizuia amri hiyo kwa muda. Agosti 20 wakashinda, na bado kuapishwa kulikopangwa Januari 14, 2024 kulicheleweshwa hadi baada ya saa sita usiku. Kwa hiyo kupona kwa Arévalo msikutumie kama ushahidi kwamba mfumo ulikuwa safi kwa Cabrera.