Watakresi wa mfongoni: je, ni salama kuliwa mbichi?

Mama wa Kibosho: Habari zenu ndugu. Kwenye mfongo (mfereji wa maji ya kumwagilia) unaopita chini ya migomba yangu umeota mmea wenye ukali kama wa haradali, ambao jirani yangu anauita watakresi na huutafuna mbichi ili kutibu kikohozi. Je, ni salama, na ninaweza kuupanda nyumbani?

Mkulima wa Machame: Dada, kuupanda ni rahisi. Kata shina lenye vifundo, liweke kwenye glasi ya maji kwa takriban wiki 1 hadi litoe mizizi, kisha lihamishie kwenye beseni la udongo unaolowa daima, ukitumia maji ya bomba. Vuna kabla haujachanua, kwani baadaye huwa mchungu.

Bwana Mifugo, Moshi: Huo wa mfongoni usiule mbichi kamwe. Ng'ombe na mbuzi wenye minyoo ya ini huacha mayai ya minyoo hiyo kwenye kinyesi. Yakifika majini huanguliwa, viluwiluwi hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kujibandika kwenye majani, na kuosha, hata kwa siki, hakutoshi kuviondoa. Uchemshe vizuri. Ukali wake huenda ukazibua pua kwa muda, lakini kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) aongee na daktari kwanza, kwa sababu mboga hii ina vitamini K nyingi.

Mama wa Kibosho: Asanteni. Nitapanda kwenye beseni, na jirani nitamweleza leo jioni.