Mrejesho: fundi wa banda la kuku na mkopo wa PDM

Ndugu zangu, niliuliza kama nimlipe fundi pesa zote mapema anikarabatie banda la kuku kwa ule mkopo wa PDM (mpango wa serikali ya Uganda wa kuinua kaya maskini), shilingi milioni 1 ya Uganda, riba asilimia 6 kwa mwaka. Asanteni sana mlionikataza. Mabati na misumari nilinunua mwenyewe hapa Tororo. Malipo ya ufundi tukayagawa mara tatu, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Awamu ya pili nikakuta nguzo mbili zimechimbiwa kina cha kiganja tu, ukizisukuma zinayumba. Nikazuia malipo. Alinuna siku mbili, kisha akarudi akazichimbia upya, shimo la kufika gotini. Jana nimemmalizia. Usiku mvua imepiga sana, maranda hayakulowa hata kidogo. Vifaranga naingiza Jumamosi.