Kasa wetu wa vyuma chakavu kakatwa akauzwa kwa kilo, hii ni sheria gani?

Wakuu habari zenu, nina hasira naomba mnivumilie.

Mtaani kwetu huku pwani, karibu na mnada wa samaki, mafundi wa kuchomelea na wavuvi walitengeneza sanamu ya kasa kwa vyuma chakavu vitupu. Gamba ni mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa yakagongwa nyundo mpaka yakakunjika, juu yake sproketi za bodaboda na klachi plet zilizokwisha, mapezi springi za lori, macho beringi. Vyuma vilitoka majumbani mwetu, kuna bibi alitoa cherehani ya marehemu mumewe, lile gurudumu lake ulikuwa unaliona kabisa pale shingoni. Hakuna fundi aliyelipwa hata mia.

Sasa watu wa manispaa wamekuja na mitungi ya gesi, wamemkata vipande, wamepakia kwenye kirikuu, moja kwa moja yadi ya skrepa. Bila barua, bila kikao, mwenyekiti wa mtaa mwenyewe kapigiwa simu na watoto waliokuwa wanalia pale uwanjani.

Eti hatari kwa watoto. Ncha zote zilipigwa grinda, miguu ilizikwa kwenye zege, rangi ya kuzuia kutu ilipakwa kwanza kabla ya ile ya kijani maana hewa ya chumvi hapa inakula chuma haraka sana. Kama kulikuwa na sehemu inachoma si mngesema tukaisawazisha?? Mtaro wa wazi ulio pembeni yake, ambao kila masika unatishia watoto haohao, mbona haujaguswa mpaka leo!

Halafu wanasema ule ni uchafu. Nendeni Posta, Dar es Salaam, mkaangalie Sanamu ya Askari, imetengenezwa Uingereza, ipo pale tangu 1927, inatunzwa na bustani juu, na mimi sina ubaya nayo kabisa kwa sababu inawakumbuka watu wetu waliokufa kwenye vita ya kwanza. Ila kwa nini cha fundi wetu wa gereji kiitwe takataka? Jirani zetu Msumbiji, baada ya vita vyao kuisha 1992, askofu Dinis Sengulane na Baraza la Kikristo walianza mwaka 1995 kukusanya silaha, mtu analeta bunduki anapewa jembe, baiskeli au cherehani, zile bunduki zinakatwakatwa wasanii wa Maputo wanachomelea sanamu. Mti wa Uhai walioutengeneza 2004 uko British Museum kule London. Chuma chakavu hichohicho wakuu!

Nataka kujua nani alisaini kasa akatwe na ile hela imeingia akaunti gani. Mtendaji anasema hajui, manispaa wanasema kaulizeni mtaani kwenu.

Vipande vingi bado viko yadi, nimeviona kwa macho yangu, mwenye yadi anataka tumlipe kwa kilo ndo tuvichukue, yaani tununue chuma tulichokitoa bure wenyewe. Wanasheria humu, tunaanza na barua kwa mkurugenzi au kuna zuio la haraka mahakamani? Mnijibu leoleo tafadhali, lori la kwenda kiwanda cha nondo likijaa vinaenda kuyeyushwa.