Mjadala: Dereva mlevi afungiwe kifaa cha kupuliza kwenye gari?

Mtoa hoja: Wakuu, Marekani dereva akitiwa hatiani kwa kuendesha amelewa, gari lake linaweza kufungwa kifaa kwenye swichi. Anapuliza kwanza, kikinusa pombe, gari haliwaki. Njiani kinalia tena apulize upya, maana bila hivyo angempulizisha mtoto akaondoka zake. New Mexico tangu 2005 hata wa kosa la kwanza hasamehewi. Sisi tunampiga faini, wiki ijayo yuko barabarani. Kwa nini tusikilete Mwanza?

Deiwaka (dereva wa kibarua wa daladala), Buzuruga: Mkuu, utafunga gari la nani? Mimi gari ni la tajiri. Nikikamatwa leo, kesho anampa mwingine, na mimi jioni nimeshakamata Hiace nyingine ya Kisesa. Kifaa kinabaki kumpulizisha asiyekunywa!

Fundi umeme, Igoma: Na konda yupo, atapuliza yeye, hata cha njiani. Tena wakiniletea gari hilo natafuta waya wa stata tu, limewaka. Wenzetu kifaa kinarudishwa kila baada ya muda kisahihishwe na kumbukumbu zisomwe, aliyekichezea anaonekana. Hapa atasoma nani?

Mama wa Nyegezi: Wanangu, nyie mko kwenye daladala, mimi naogopa basi la Dar. Mtu kanywa mpaka saa saba usiku, saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye usukani, kaoga, kanywa supu, anajiona mzima. Pombe haitoki kwa supu, inataka saa zake. Ufaransa mabasi ya safari yanatakiwa kuwa na kifaa hicho tangu 2015, dereva awe na kosa asiwe nalo.

Mtoa hoja: Shikamoo mama. Hapo na hoja ya deiwaka inajibika: kifaa kinakaa na basi, yeyote atakayeshika usukani anapuliza. Konda akitaka kumpulizia, abiria wote wanamwona. Taarifa ziende LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zinakokwenda za VTS, ule mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi.

Fundi umeme, Igoma: VTS yenyewe wanaichezea. Ila basi kubwa lina ratiba na mlango mmoja wa kutokea stendi, angalau unajua pa kulikagulia. Bodaboda sahau.

Deiwaka, Buzuruga: Sawa kwa mabasi. Marekani gharama ya kifaa analipa mkosaji. Kwenye basi lisilo na mkosaji, tajiri atakata posho ya nani?