Mada: Ukuta wa kukwea Unguja, na ile fomu yenye sehemu ya "aina ya biashara"

Kutoka kwa: Mkwezi wa Mbezi

Wakenya wenzangu wa Dar, nawasalimu. Naandika nikiwa ndani ya boti, kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, nikirudi kutoka Unguja mikono mitupu kwa mara ya tatu mwezi huu. Wengi mnajua kwamba nina kampuni niliyoisajili BRELA, ule wakala wa usajili wa biashara wa Bara, nina TIN, yaani namba ya mlipakodi, na kibali changu cha Daraja A, kile cha ukaazi cha wawekezaji, bado hakijakaribia kuisha. Sasa nataka kujenga ukuta wa kukwea kule Paje, upande mmoja wa mita 4 na nusu kwa wanaokwea bila kamba juu ya magodoro, na upande wa pili wa mita 12 wenye kamba. Leo, katika ofisi moja ambayo sitaitaja kwa sababu faili langu bado liko mezani kwao, mama mmoja mwenye miwani aliisoma fomu yangu hadi mwisho, akaiweka chini, akawa anagongagonga kwa kalamu pale penye "aina ya biashara" nilipokuwa nimeandika "ukuta wa kukwea". Akaniambia: "Mwanangu, huku wakwezi hupanda minazi kwa kitanzi cha kamba miguuni na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniomba leseni. Hiki chako ni mchezo, ni utalii, au ni jengo?" Nilipomjibu kwamba ni vyote vitatu, alinirudishia fomu na kumwita aliyekuwa nyuma yangu. Swali langu ni moja tu: kuna yeyote kati yetu aliyewahi kuijaza fomu hiyo kwa shughuli ya aina hii, na pale aliandika nini?

Kutoka kwa: Wakili wa Upanga

Ndugu Mkwezi, pole kwa safari, lakini umeanzia mwisho. BRELA haivuki maji. Usajili wa biashara upande wa Zanzibar ni wa wakala wao, BPRA, uwekezaji unapitia mamlaka yao ya uwekezaji, ZIPA, na si kile kituo cha Bara ambacho wengine humu bado wanakiita TIC ilhali tangu mwaka 2025 kimeunganishwa na EPZA, ile mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, kuwa TISEZA, na biashara ya utalii inaombewa leseni Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar. Mambo ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa kwa pamoja Bara na Zanzibar, yalikuwa 11 mwaka 1964 na leo ni 22, na uhamiaji, ushuru wa forodha na kodi ya mapato vimo. Ardhi, utalii, leseni za biashara na kazi havimo. Maana yake ni kwamba Uhamiaji ni idara moja, lakini kibali cha kazi cha yule mkufunzi unayetaka kumleta kutoka Nairobi hutakipata Dar, bali kwa Kamisheni ya Kazi huko huko. Hata hicho kibali chako cha Daraja A kisome tena, kwa sababu kinataja shughuli na mahali. Mimi mwenyewe nilipomfungulia mteja duka la vifaa vya kuzamia, tulipoteza miezi minne kwa kosa hili hili la kudhani kwamba karatasi ya Dar inatosha.

Kutoka kwa: Mkwezi wa Mbezi

Wakili, nakushukuru, na ya BPRA nilikuwa nimeyaanza. Bado sijui niandike nini katika ile sehemu.

Kutoka kwa: Msafirishaji wa Kurasini

Jambo la kuogopa si fomu, ni kontena. Miaka michache iliyopita nilimtolea mteja vishikio vya ukuta wa namna hii, vile vidude vya plastiki ngumu vinavyofungwa kwa bolti ili mtu ashike na kukanyaga. Vilikuwa vya rangi zote, kimoja kina umbo la chura, kingine ukikiona utaapa kuwa ni kiazi kikuu. Ofisa wa ukaguzi alivipanga mezani kimoja kimoja kama mtu anayepanga nyanya sokoni, akaniuliza kama ni vichezeo vya watoto. Tofauti ni kubwa, ndugu zangu, kwa kuwa katika namba za forodha 9503 ni vichezeo na 9506 ni vifaa vya michezo, na ukishaingizwa pasipo pako utaandika barua za pingamizi hadi wino uishe. Mkasa wa pili, na hapa kosa lilikuwa langu, ni kwamba wakweaji hupaka mikononi magnesiamu kaboneti ili jasho lisiwatelezeshe, na mimi katika kutafsiri ankara niliandika "unga mweupe, kilo 20". Sina haja ya kuwaeleza neno "unga" linamaanisha nini bandarini. Sampuli ilikwenda kwa Mkemia Mkuu, na siku zote hizo kontena lilikuwa likihesabiwa gharama za uhifadhi. Andika "chaki ya wanamichezo" na uambatanishe karatasi ya mtengenezaji.

Kutoka kwa: Fundi wa Tegeta

Mnazungumzia karatasi na hakuna aliyezungumzia chumvi. Paje iko upande wa mashariki, na kusi ikivuma, hewa yenyewe inaonjeka. Kule Thailand, katika miamba ya Railay na Tonsai iliyo ufukweni kabisa, walifunga bolti za chuma kisichoshika kutu wakaamini wamemaliza kazi. Zilikuwa zinang'aa kwa nje huku ndani zimeshapasuka, na baadhi zilikatika chini ya uzito mdogo. Chumvi na joto hushirikiana kukipasua chuma hicho mahali kinapovutwa. Ndiyo sababu walihamia bolti za titaniamu zinazogandishwa mwambani kwa gundi maalumu. Ukuta wako ni wa plaiwudi na fremu, si mwamba, lakini fremu ile ichovywe katika zinki ya moto baada ya kuchomelewa na si kabla, plaiwudi iwe ya baharini ya milimita 18, na zile nati za meno zinazopigiliwa kwa nyuma zikaguliwe kila baada ya masika. Nimeona geti la hoteli huko pwani lililopakwa rangi ya oksaidi peke yake: mwaka mmoja na nusu, unalibonyeza kwa kidole gumba kinapita.

Kutoka kwa: Msafirishaji wa Kurasini

Fundi, titaniamu unaijua bei yake, au unaandika tu?

Kutoka kwa: Fundi wa Tegeta

Naijua. Nawe ukirudi kusoma utaona nimesema titaniamu ni ya mwambani. Kwa fremu nimesema zinki.

Kutoka kwa: Mwalimu wa Mikocheni

Nimesoma haya yote nikakumbuka Hell's Gate, ile hifadhi ya kwetu Kenya, tulivyokuwa tukiingia kwa baiskeli asubuhi kutoka Naivasha, vumbi hadi kwenye kope, na pale langoni ile nguzo ya mwamba, Fischer's Tower, imesimama peke yake kama kidole cha mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Mwanangu alifungiwa kamba kwa mara ya kwanza pale, na hakuna aliyetuuliza kama ule ni mchezo au ni jengo. Leo mtoto huyo anaishi Dar, na kitu kirefu anachokwea ni ngazi za ghorofa yetu lifti inapokwama. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 tulimtazama pamoja Veddriq Leonardo wa Indonesia, nchi ya visiwa na minazi kama Unguja, akipanda ukuta wa mita 15 kwa sekunde 4.75 na kutwaa dhahabu. Kwa nini pwani yetu isitoe mtu kama huyo? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, tukaambiwa mtaji na watu watatembea, kisha Julai 2025 ikatoka amri ya kutukataza aina 15 za biashara. Ndugu Mkwezi, usishangae fomu, ukuta wenyewe uko mahali pengine.

Kutoka kwa: Wakili wa Upanga

Mwalimu, kwa heshima zote, unachanganya mambo. Amri ile imetokana na Sheria ya Leseni za Biashara ya Bara na inawahusu wasio raia wote, si Wakenya peke yao, na nimekwisha kusema kwamba leseni za biashara si jambo la Muungano. Kilichomo mle na kinachofanana kwa mbali na shughuli hii ni kuongoza watalii, na mtu anayemshikia mwenzake kamba hamwongozi popote.

Kutoka kwa: Mwalimu wa Mikocheni

Anamwongoza juu.

Kutoka kwa: Fundi wa Tegeta

Nyote wawili mmesahau ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, ambao wanaweza kutaka tathmini ya mazingira kabla shimo la kwanza halijachimbwa, na mmemsahau sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa kule, ambaye bila barua yake hata mchanga hautashushwa. Cheti cha mtengenezaji kiwe cha EN 12572, kile kiwango cha Ulaya cha kuta za kukwea, na usikipeleke TBS, shirika la viwango la Bara, kipeleke ZBS, la Zanzibar.

Kutoka kwa: Msafirishaji wa Kurasini

Je, paa litakuwa la makuti? Nauliza kwa sababu ya bima ya moto.

Kutoka kwa: Mkwezi wa Mbezi

Paa ni la mabati, na bima nimeshaipata. Barua ya sheha ninayo. Alinisainia akiwa amesimama barazani, akaniuliza kama watoto wa madrasa wataingia bure siku ya Ijumaa jioni, nikakubali. Narudi Jumatatu na boti ya saa moja asubuhi. Ile sehemu ya "aina ya biashara" bado nimeiacha wazi, na kalamu mbili nimezitia mfukoni. Kama kuna anayejua la kuandika, tafadhali aniandikie kabla ya Jumapili usiku.