Yule bwana wa laibrari ya risiti kanijibu "ILI IWEJE?" Wakuu nimechoka!!!

Mnyonge wa Shangani:
Wakuu, simtaji. Mnamjua. Yule mungu mtu wa laibrari (programu iliyoandikwa tayari ili wengine waitumie ndani ya zao) ya kuchapa risiti, ambaye kuanzia Mtwara mpaka Lindi ukigusa programu ya ghala lolote unamkuta kajilaza mle ndani.

Niko ghalani, msimu wa korosho, foleni imefika barabarani. Mashine za mteja ni zile ndogo, karatasi ya 58 mm, herufi 32 kwa mstari. Mheshimiwa kakariri 80 mm, herufi 48, dunia nzima ni 80 mm. Basi mzee kaleta kilo 1250. Risiti imetoka: "12" juu, "50" imeangukia chini. Mzee kaitazama, kanitazama, kauliza kwa sauti, "Mjukuu wangu, zingine mmepeleka kangomba?" (yaani kwa walanguzi wa korosho). Watu wote wamegeuka.

Ninachotaka ni kurithi klasi yake, yaani nijenge kipande changu cha programu juu ya chake, nibadili metodi (hatua ya kazi) moja tu inayohesabu upana. Kompaila, ile inayotafsiri programu kwa mashine: huwezi, klasi ni faino, imefungwa isirithiwe. Nikamwandikia. Shikamoo nimeweka, maelezo nimeweka, picha ya risiti nimeweka, nikamwomba afute neno moja, hilo faino. Majibu yake yote haya hapa:

"Ili iweje?"

Akafunga ombi. ILI IWEJE! Shikamoo yangu hata hakuiitikia!

Chumvi ya Msimbati:
Hahahaaa "ili iweje". Nimecheka hadi bodaboda kasimamisha pikipiki kuuliza kulikoni.

Baba Kompaila:
Mkuu punguza jazba. String, klasi ya maandishi ya lugha ya Java, nayo ni faino, mbona hujaiandama? Jamaa kafunga makusudi. Kila mtu akibadili metodi za ndani, siku yeye akirekebisha hesabu zake programu zenu zote zinalala chali na matusi anakula yeye. Unda klasi yako, ya kwake iweke ndani, kazi nyingine mwachie yeye, upana ushike wewe. Watu wazima hufanya hivyo.

Mnyonge wa Shangani:
Nimefanya hivyo baba! Kwanza, ndani kwa ndani anaita metodi yake mwenyewe, ya kwangu haijui hata kama ipo. Pili, sehemu yake ya kuchapa inapokea klasi yake tu, intafesi (mkataba wa kuruhusu klasi za wengine) hakuweka. Yangu inarudishwa mlangoni. Na nikimuuliza atasema nini? Ili iweje!

Pweza Mkavu:
Hamia lugha ya Kotlin. Kwaherini.

Baba Kompaila:
@Pweza Mkavu Kotlin gani? Huko klasi inazaliwa imefungwa tayari mpaka mwenyewe aandike kwamba iko wazi. Umemtoa mwenzio jikoni ukamtia kwenye tanuri.

Kijana wa Ligula:
Nunua mashine za 80 mm.

Mnyonge wa Shangani:
Kwa hela ya nani, ya mama yako?

Kijana wa Ligula:
Ndiyo maana umeambiwa ili iweje 😂

Fundi Usiku:
Njoo nikunong'oneze. Tengeneza klasi yenye jina lilelile, pakeji (kabati la klasi) ileile, futa faino, badili herufi 48 ziwe 32, halafu itangulize kwenye klaspathi, orodha ya sehemu Java inakotafuta klasi. Java inaokota ya kwanza kuiona. Mimi mwaka wa ngapi huu, na bosi hajui.

Dada Kodi:
Kumbe ni wewe! Ninyi ndio mnatuachia makaburi. Laibrari ikipanda toleo, klasi yako ya zamani inakutana na mpya, inalipuka katikati ya msimu, na wewe ushahamia Dar. Kama leseni inaruhusu, si unakili kodi yote ya laibrari waziwazi, uipe jina jingine, ubebe mzigo wa kuunganisha kila akitoa toleo? Angalau anayekuja nyuma ataona ulichofanya.

Fundi Usiku:
Sihami. Bado nadaiwa kodi ya nyumba.

Mwana Nachingwea:
Mimi nimeona "kurithi" nikakimbilia humu. Mzee wangu kafariki, mikorosho kaipanda kwa mikono yake, mie nimepalilia tangu sijaota ndevu. Sasa imekwenda kwa mtoto wa shangazi! Nimeuliza, wazee wananiambia kwetu mambo yanafuata umamani, anayerithi ni mtoto wa dada.

Chumvi ya Msimbati:
Ungemwandikia mzee mapema akakujibu ili iweje.

Mnyonge wa Shangani:
Jamani uzi wangu…

Mpwa Halali:
Nachingwea usilie. Mimi ndiye huyo mtoto wa dada, ila kwa mjomba mwingine. Mikorosho nimepewa ile mizee isiyozaa, pamoja na deni la mjomba la salfa, dawa ya mikorosho. Mwenye deni anakuja kila Ijumaa, anakaa barazani kwangu, anakunywa chai YANGU.

Dada Kodi:
Kataa urithi.

Mpwa Halali:
Mama atanilaani.

Kijana wa Ligula:
@Mwana Nachingwea hiyo mikorosho iko upande gani? Huyo mtoto wa shangazi anakodisha?